Chakula cha Mchana cha Bibi Hannelore

Ngoma ndiyo iliyotangulia. Tulikuwa mezani, mimi, baba na bibi, mbele yetu mkate, soseji na matango ya siki. Bibi alikuwa akimcheka baba kwa jinsi anavyomenya yai kama mtu anayevua soksi. Du, du, du, kutoka barabara ya kanisa, kisha filimbi. Baba akaweka kisu chini.

"Leo Jumatatu, siku ya maandamano," akasema, akachukua koti.

Watu wa Lohburg, ngoma hiyo mnaijua. Wengi wenu mlitembea nyuma yake. Kiwanda cha vioo kilifungwa, treni ikaacha kusimama hapa, hospitali ikahamishwa, na kila tulipouliza tulijibiwa kwa adabu tupu. Baba yangu Jochen, fundi wa kupuliza vioo tangu ujana, sasa anapanga masanduku ghalani. Mtu aliyepuuzwa hivyo, yeyote anayemwita kwa kipaza sauti humwona ndugu.

Aliyeita ni Rüdiger, muuza majiko kutoka mjini. Hakuahidi kurudisha treni. Alisema, "Fungueni macho. Nani huyo anazunguka mtaani kwenu?" Akaanzisha kundi la ujumbe wa simu la kulinda mtaa. Tangu hapo kila gari geni lilipigwa picha. Hata msoma mita za gesi alifuatwa. Mapazia yalitikisika mchana kutwa, nami nikitoka dukani nilihisi macho mgongoni.

Alhamisi moja baba aliona gari jeupe likienda polepole kwenye nyumba za wazee. Dereva, kijana mweusi, alikuwa akisoma majina milangoni. Baba akampiga picha, akaandika kwenye kundi: "Anachagua wazee wanaoishi peke yao." Wanaume wa kundi wakafika upesi.

"Umepotea, bwana mdogo?"

"Hapana. Naitwa Habtom, naleta chakula. Dereva wa zamani amestaafu."

"Chakula cha nani?"

"Majina ya wateja siruhusiwi kuyataja, mzee. Ndiyo sheria."

Wakacheka. "Mnaona? Ana siri. Geuza gari, kabla hatujaligeuza sisi."

Akaligeuza.

Jina alilolitunza lilikuwa Hannelore. Bibi yangu, anayeishi peke yake katika nyumba hizo, ana kisukari. Hujichoma sindano ya kushusha sukari, kisha huketi kungoja sanduku lake la chakula. Siku hiyo alijichoma, akangoja. Habtom aliwaarifu ofisini kwake, ofisi ikampigia bibi, kimya. Ikampigia baba. Baba hakuiona simu hiyo, kwa kuwa yake ilikuwa imejaa pongezi.

Nilipopita kumsalimia nilimkuta sakafuni. Uma na kisu vilikuwa vimepangwa mezani. Nikampaka asali kwenye fizi, nikangoja gari la wagonjwa litoke huko mbali ilikohamishiwa hospitali yetu. Nilikaa naye sakafuni nikilisikilizia, nisijue kama litamkuta hai.

Lilimkuta hai. Kwenye kundi Rüdiger akaandika: "Mambo hutokea. Jumatatu tukutane." Ofisi nayo ikasema hakuna dereva atakayeingia tena mtaa wetu peke yake.

Bibi alipofumbua macho hospitalini aliuliza, "Jochen, chakula changu kilipotelea wapi?"

"Nilikirudisha mimi, mama."

"Kilikuwa chakula gani?" bibi akauliza.



Funzo

Hasira yetu ni ya haki, na sitamruhusu mtu yeyote kuicheka. Lakini aliyeondoa treni hakuwa Habtom, na aliyepiga ngoma hakuirudisha. Ukiona mtu anakuonyesha wa kumshuku kila wiki, wala hakuonyeshi la kufanya, mshuku yeye kwanza. Shaka tuliyoiweka mlangoni kuwalinda wazee wetu ndiyo iliyowafungia chakula nje.

Haya nayasema mimi. Baba alisema yake pale kitandani, ameushika mkono wa bibi:

"Mama, kesho nitamwomba Habtom nikae naye kiti cha mbele. Nitagonga kila mlango nilioutia hofu, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba aliyewadanganya ni mimi. Na mlango wa kwanza utakuwa wako."