Tuta la Kopo Jekundu

Habari hii alinipa shoga yangu Mwanajuma, mwaka juzi, tukipeta mpunga uani kwangu. Ni ya Siwema, aliyekaa naye dawati moja shuleni Kisarawe, enzi za Mwingereza.

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Siwema alimwagilia matuta mawili ya ngano nyuma ya shule. Bwana shamba Hemedi alikuwa akijaribu mbolea mbili za chumvichumvi. Tuta moja lilitiwa ya kopo jekundu, la pili ya kopo jeupe. Wenzake walimcheka.

"Ngano hapa? Sisi watu wa muhogo! Na wewe unaongea nayo, itakujibu?"

Siwema aliendelea kumwagilia. Mama yake alikuwa kijiji cha Magindu akimuuguza bibi, na pale kwa shangazi Mwanne, alikoachwa, hakuwa na wa kuzungumza naye. Tuta la kopo jekundu lilidumaa. Akaliona kama yeye, linakula ugali bila mboga. Kwao mtu hali huku mwenzake anatazama. Basi akachota kwenye kopo jeupe, akalionjesha.

Likanawiri, likalipita la pili.

Bwana Hemedi alipokuja, alipiga makofi. "Jekundu limeshinda! Ijumaa nitawaambia wazee watie hili peke yake kwenye mahindi yao."

Siwema akashtuka. Shangazi Mwanne naye alilima mahindi.

"Shikamoo, Bwana shamba. Usiwaambie."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Tuta hilo nililitia na ya kopo jeupe. Nililionea huruma."

Watoto wakaguna. Bwana Hemedi akachuchumaa, akashika shina moja.

"Umeniharibia kazi, binti. Lakini ungenyamaza, ungewaharibia watu mavuno. Chakula cha mmea kilichomo kwenye makopo haya ni kimoja, ila huja kwa sura mbili. Mizizi ikishiba vizuri, hupeleka ujumbe juu: chipukeni! Ngano hii imependa sura zote mbili. Tutapanda upya, matuta matatu. La mchanganyiko utalitunza wewe. Huruma ni njema, mwanangu, lakini ukiificha, shamba linasema uongo."

Usiku Siwema alimweleza shangazi yote.

"Kumbe una maneno hivi!" Shangazi Mwanne akacheka. "Nami nilidhani hutaki kusema nami." Akausogeza mkeka wake karibu, akalala.

Siwema akageukia upande wa Magindu, aliko mama yake. "Chipukeni," akanong'ona, asijue anamwambia nani. Kisha naye akalala.