Dakika Kumi za Nyati wa Omaha

"Kaka, umekalia kiti changu."

Corinne Vasek alisema hivyo mwezi Februari, Indianapolis, kwenye jukwaa lililofurika maskauti, wasaka vipaji wa timu, na saa zao za kupimia mbio. Chini, vijana wa vyuo walijiandaa kukimbia, na kila timu ya mpira wa helmeti wa Kimarekani ilitaka kiti kinachotazama mstari wa mwisho. Yule bwana mrefu mwenye koti la kijivu hata hakugeuka.

"Kiti hakina jina, dada."

"Kinalo. Hiki ni cha timu ya Omaha."

Bwana akafungua koti. Kwenye fulana yake palishonwa nyati wa Omaha, yuleyule wa kwenye kofia ya Corinne. "Nimeajiriwa juzi. Lamont Prewitt. Haya, tubanane au tupigane?"

Wakabanana. Kufika Machi walikuwa wanabanana kwenye kochi la Corinne, wakila mbavu za kuchoma na kubishana nani anajua mpira. Corinne alipenda, jamani, alipenda mpaka akasahau kuficha siri za kazi. Usiku mmoja akamnong'oneza kwamba Tavarius Boone, mkimbiaji aliyemfuatilia miaka miwili, anashuka ngazi za kwao kwa tabu. Goti la kushoto.

Wiki iliyofuata meneja mkuu, mzee Halvorsen, akatamka kikaoni, "Huyu Boone ana goti," akalishusha jina lake kwenye ubao wa wachezaji wanaowataka. Corinne alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani.

"Sikusema, mpenzi. Naapa."

"Usiniite mpenzi. Umejinunulia cheo kwa maneno yangu mwenyewe!"

Wiki tatu hakupokea simu yake.

Siku ya timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu ikafika. Lamont akatumwa Chicago kukaa kwenye meza ya Omaha ukumbini. Kazi yake: kusikia jina kwa simu, kuliandika kwenye kadi, kuikabidhi. Adhuhuri akamtumia Corinne ujumbe: "Timu ya Portland wananitaka. Leo lazima niwajibu. Niambie kama bado unaniona msaliti." Corinne akausoma mara tisa asijibu. Kiburi hicho.

Sasa alikuwa ofisini Omaha na wazee kumi na mmoja, kavaa gauni la kijani alilonunuliwa na Lamont, kalivaa kwa hasira. Akakaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Spika ya simu katikati ya meza ilikuwa wazi, na kelele za Chicago zilimiminika.

"Zamu yetu," Lamont akasema ndani ya spika. "Tuna dakika kumi za kuchagua."

Corinne akakaa tena.

"Boone bado yupo, hajachukuliwa," akasema Halvorsen, akitema maganda ya mbegu za alizeti kwenye kikombe. "Daktari anasema goti limepona. Nipeni faili lake, nione tulilijuaje."

Akafunua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Anashuka ngazi kwa tabu, goti la kushoto.' Ripoti ya Oktoba. Kazi nzuri, Vasek."

"Ya nani?"

"Yako, mama. Sahihi yako hii hapa."

Corinne akalinyakua faili. Mwandiko wake, mwenyewe! Ripoti mia tatu kwa mwaka, ataikumbuka ipi? Ameandika Oktoba, akasahau, na Machi akamnong'oneza Lamont kama jambo jipya.

"Dakika nne," spika ikasema.

"Mchukueni Boone," Corinne akasema. "Mzee, mchukue, hutajuta. Na wewe Lamont, nisikilize."

"Corinne, watu wote wanasikia."

"Wasikie! Ni mimi niliyeandika. Nimekutukana bure, baba. Nisamehe."

Wazee wakatazama viatu vyao. Halvorsen akakohoa. "Boone. Andika Boone, kijana."

Kalamu ikasikika ikikwaruza, kisha hatua, kisha mtu akisema imepokelewa. Lamont akarudi kwenye simu.

"Nimeshawajibu Portland," akasema polepole. "Saa kumi jioni, kabla sijaingia humu. Nilingoja simu yako mpaka nikachoka. Nimewakubalia."

"Ala!" Halvorsen akaruka. "Mbona mimi sijui?"

"Nyamaza, mzee," Corinne akamkata, machozi yakimtoka waziwazi. "Lamont, bado unanipenda?"

"Swali gani hilo? Pete ninayo mfukoni tangu Machi. Kila nikikupigia, simu inaita tu."

"Basi niulize."

"Mbele ya wazee hao? Kazi zetu ziko miji miwili, laazizi. Timu mbili. Hatutaweza hata kuambiana magoti ya watu."

"Niulize, nimesema."

Lamont akameza mate, wote wakasikia. "Utakubali nikuoe? Kwanza niambie ukweli. Mwaka jana, kwa safari zako za kazi, ulilala nyumbani kwako siku ngapi?"

Corinne akahesabu safari, hoteli, viwanja vya ndege.

"Sitini na moja," akasema. "Chukua zote."