Maji ya Kisima cha Kina Wakesho

Posta ya Voi ilifurika watu siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1976, na kila mmoja alitaka simu yake iunganishwe kwanza. Mlango wa chumba cha swichibodi ukafunguka. Akatoka msichana mwenye gauni la samawati na kola nyeupe, kiganja mdomoni.

“Danson Mwakio? Nairobi iko kwenye laini. Kibanda cha pili.”

Danson, kijana wa Mwanda, kwenye milima ya Taita, aliyekuwa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno huko Nairobi, hakusogea. “Kumbe ni wewe! Hii sauti huniambia ‘subiri’ kila nikipiga simu nyumbani.”

“Basi leo usisubiri. Laini inangoja.”

“Ingoje. Unaitwa nani?”

“Wakesho. Na nitaikata sasa hivi.”

Hakuikata. Kabla ya mwaka mpya walikuwa wamekwisha kunywa chai mara nne, na mara ya nne Wakesho akaondoa kile kiganja. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia tangu utotoni, kama ya ndugu zake wote. Alichagua kazi ya simu kwa sababu huko watu humjua mtu kwa sauti tu.

Danson akayatazama kwa ari ya mtu aliyejifunza jambo juzi. “Mpenzi, tumefundishwa haya kwenye kemia. Kuna kitu kwenye maji, floraidi. Ikiwa kidogo, huimarisha jino. Ikizidi, wakati jino la mtoto lingali ndani ya ufizi, hulitia madoa. Nipe maji ya kisima chenu nikayapime.”

Wakesho akampa galoni ya plastiki iliyojaa maji hayo. Akampa na picha yake, ya pekee aliyopigwa akicheka.

“Hii ni yako peke yako,” alisema.

Mwaka mpya Danson akampeleka Mwanda kwa mama yake, Priscilla, mpishi wa shule iliyokuwa na simu ofisini. Mama alimkaribisha vizuri, ila aliyaona meno wakati wa chai, akainuka kwenda kuosha vikombe.

Danson aliporudi chuoni, mapenzi yakahamia kwenye waya.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula kemia tu.”

“Kemia haishibishi, bwana daktari.”

Mwezi wa Machi Danson aliomba aunganishwe na mama yake. Sheria ya posta ilikuwa wazi: opereta akishaunganisha, anatoka kwenye laini. Siku hiyo Wakesho hakutoka.

“Mwanangu, msichana ni mzuri,” alisema Priscilla, “lakini meno yale ni ya ukoo. Wajukuu wangu watazaliwa nayo. Siwezi kukubali.”

“Mama, si damu, ni maji! Nimeyapima. Hata picha yake nimeionyesha darasa zima, mhadhiri akasema madoa yanaonekana vizuri sana.”

Wakesho akachomoa waya. Kikulacho ki nguoni mwako. Alilia palepale, taa za swichibodi zikimwakia bila kujibiwa, na tangu siku ile simu za Danson zilipokewa na mwenzake Milka.

“Wakesho hayuko.”

“Milka, tafadhali, nakuomba.”

“Kwako wewe hayuko.”

Likizo ya Aprili Danson akaja mwenyewe, akapanga foleni posta kama watu wengine. Alikuwa amekonda, na koti lilimpwaya mabegani. Wakesho alimpeleka kando, penye masanduku ya barua.

“Ile picha nilikupa wewe. Wewe ukawapa darasa.”

“Nilikosa. Nilitaka mhadhiri anielekeze namna ya kupima, nikasahau ni uso wa mtu. Nisamehe.”

“Na kama maji yangekuwa safi? Kama kweli ni damu yetu? Ungenitaka?”

Danson akainamisha kichwa. “Wakesho, sijui kama ni maji au ni damu. Kipimo kiliniharibikia, maji yakaisha yote. Nilipomwambia mama nimeyapima, nilikuwa nadanganya. Nilikutaka tu.”

Wakesho alimpenda mno, na kwa hiyo hakutaka kuingia katika nyumba ile kwa uongo.

“Nenda Mwanda ukamwambie mama yako ukweli. Akikataa, usinifuate tena.”

“Atakataa.”

“Basi tutakuwa tumeachana kwa haki.”

Siku tatu hazikuwa na habari. Wakesho aliunganisha wachuuzi, makarani na mapadri, na kila taa ya milimani ilipowaka aliijibu kwanza. Siku ya nne, saa tano asubuhi, taa ya shule ya Mwanda iliwaka.

“Voi. Unataka namba gani?”

“Sitaki namba. Namtaka Wakesho.”

“Ni mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba,” alisema Priscilla. “Danson ameniambia alinidanganya. Nimemkasirikia, nikakaa siku tatu bila kusema naye. Njia ya mwongo ni fupi. Halafu akaniambia ni wewe uliyemtuma aseme kweli, na ulijua nitakataa.”

“Ndiyo, mama.”

“Na bado hajui hao watoto watazaliwa na meno ya namna gani.”

“Hajui. Hata mimi sijui.”

“Haya. Meno ni ya kulia chakula. Mimi napika kimanga cha mihogo na maharagwe Jumamosi, njoo na wazazi wako.”