Kamba ya Mabua kwenye Kivuko

Baridi ikishaingia, kila alfajiri nyumba moja ya kijiji cha Naerim ilituma mtu kijitoni, ndani ya hifadhi, akagonge barafu kwa mti mrefu wa mwaloni. Barafu ikijibu kwa sauti nzito, alifunga kamba ya mabua ya mpunga kwenye msonobari wa kivukoni. Ikitoa sauti ya kitu kitupu hakufunga chochote, na wapita njia walizunguka hadi darajani.

Siku ile ilikuwa zamu ya nyumba ya Mzee Pyo. Magoti yake yalikuwa yamevimba, akamtuma mjukuu wake, Garam, msichana wa darasa la sita.

"Simama kwenye mawe, ugonge katikati," alimwagiza. "Theluji ya jana imeifunika barafu kama blanketi. Huko chini kuna joto, nalo linaila."

"Nimesikia, Babu."

Kijitoni upepo ulimkata masikio. Barafu ilikuwa nyeupe pe, na jana yake ilikuwa imara. Garam aliutazama ule mti mzito wa kugongea uliolala kwenye theluji, akakumbuka na kiazi kitamu alichokiacha jikoni kikifuka moshi. Akafunga kamba, akarudi mbio.

"Imesemaje?" Babu aliuliza.

"Nzito," alijibu, mdomo umejaa kiazi.

Adhuhuri Mwalimu Ok aliwapeleka wanafunzi wake hifadhini kuona maporomoko yaliyoganda. Walivaa meno ya chuma chini ya viatu. Aliyetangulia ni Duho, mtoto wa mwenye duka la tambi.

"Garam, mbona leo unatembea kama bibi harusi?" alimtania. "Miguu umeisahau nyumbani?"

"Tangulia na domo lako," Garam alijibu, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Kamba ilikuwa ikining'inia palepale alipoifunga.

"Kamba ipo," Mwalimu alisema. "Vukeni mmoja mmoja, msisukumane."

Garam aliwatazama wenzake wakijipanga. Akisema, darasa zima litajua. Asiposema, Duho alikwisha kuinua mguu.

"Duho, rudi! Mwalimu, sikugonga! Nilifunga tu!"

"Mwoga huyu!" Duho alicheka, na mguu ukatua. Barafu ikalia, ikampokea hadi gotini. Mwalimu alimdaka kwa mkoba wa mgongoni, akamvuta, wakaanguka wote wawili ukingoni. Aliporejesha pumzi alimvisha Duho soksi zake kavu, kisha akaifungua kamba mwenyewe.

Nyumbani Garam alisimulia yote kabla hajavua koti. Babu aliinua macho kwenye picha ya dada yake iliyokuwa juu ya kabati.

"Bonde hili lilipofanywa hifadhi," alisema, "ofisi ilisimamisha kibao pale kivukoni: Barafu Salama. Walikisimamisha mara moja, kikakaa baridi nzima. Hakuna bwana mkubwa aliyeshuka kugonga. Dada yangu alikiamini, akazama. Tulikaa mbele ya lango la ofisi yao, kwenye theluji, watoto migongoni, hadi wakaking'oa na kutuachia kazi hii. Sijawasahau. Na leo mjukuu wangu amenirudishia kibao kilekile."

Garam alilia.

"Ulisema ukweli kwa kuchelewa, lakini ulisema. Sasa shika hili: wale watoto hawakuiamini barafu, waliliamini neno lako. Kazi ambayo watu wanaitegemea, ifanye hata kama hakuna anayekuona. Haya, nipe fimbo yangu, twende kwa kina Duho."

Mlango alifungua Duho mwenyewe. "Mguu wangu umeoga kwa niaba yako," alisema, akawapisha waingie.

Alfajiri iliyofuata Garam aliiomba zamu ya jirani. Aligonga katikati, akatega sikio, akagonga tena. Sauti ilikuwa tupu. Wakaja watu wa mjini na mikoba yao.

"We binti, barafu si hiyo nyeupe? Tupishe!"

"Nimegonga," Garam alisema, kamba kwapani. "Zungukeni darajani."

Walinung'unika sana. Wakazunguka.