Kwaru, Kwaru Kwenye Usukani

Siwema ana gari. Kusema kweli ni la Baba, lakini Siwema husema ni lake.

Ni gari kuukuu. Lote ni la bluu, ila mlango mmoja ni wa kijani. Siwema analipenda sana.

Leo gari lina safari. Linakwenda hospitali kumchukua Mama, na mtoto mchanga!

Baba anageuza usukani.
Kwaru! Kwaru! Kwaruuu!

"Aa, haifai," anasema Baba. "Kelele hii itamwamsha mtoto. Nitaazima gari la jirani."

"Hapana, Baba!" Siwema anataka kulia. "Nimemwahidi mdogo wangu atapanda gari letu. Nilimwambia akiwa tumboni!"

Baba anacheka. "Haya, mwanangu. Tuitafute kelele hiyo."

Siwema anaimba:

"Kwaru, kwaru, uko wapi wewe?
Nitakutafuta mpaka nikupate!"

Labda ni injini? Baba anazima injini. Anageuza usukani.
Kwaru! Kwaru!

"Siyo injini," anasema Siwema.

"Kwaru, kwaru, uko wapi wewe?
Nitakutafuta mpaka nikupate!"

Labda ni gurudumu? Baba anageuza usukani. Siwema anachuchumaa pembeni, anasikiliza.

Gurudumu linasema shii, shii. Halisemi kwaru.

Baba anatazama saa. "Siwema, Mama anatusubiri."

"Bado kidogo, Baba! Kidogo tu!"

Siwema anaingia ndani ya gari. Anataka kuweka sikio kwenye shingo ya usukani. Lo! Shingo imevaa kitambaa.

Ni kazi ya Bibi hiyo. Bibi hufuma vitambaa vya kila kitu. Runinga ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Hata ndoo ya maji ina kitambaa!

Na hiki cha usukani kina shanga pembeni.

Siwema anakivua. Anaweka sikio. Baba anageuza usukani, polepole.
Kwaru!

"Ni hapa, Baba! Ni hapa hapa!"

Baba anafungua skrubu. Anatoa kifuniko cha plastiki. Ndani kuna nini?

Kuna uzi, umejizungusha. Na shanga moja nyekundu, imekwama!

Bibi anachungulia kwenye dirisha la gari. "Alaa! Kumbe ni shanga yangu! Mimi nilitaka gari lipendeze."

"Bibi," anasema Siwema, "gari halihitaji nguo. Halisikii baridi."

Siwema anatoa uzi. Anatoa shanga. Baba anapaka grisi kidogo, anarudisha kifuniko.

Anageuza usukani kulia. Anageuza kushoto.
Kimya. Kimya kabisa.

"Twende!" anasema Siwema.

Jioni, gari la bluu linarudi nyumbani. Linakata kona ya sokoni. Kimya. Linakata kona ya msikitini. Kimya.

Mtoto amelala njia nzima.

Nyumbani, Bibi anamfunika mtoto kitambaa kipya. Hakina shanga hata moja.

Siwema naye anapanda kitandani. Anamsogelea mdogo wake, anamnong'oneza sikioni.

"Unaona? Nilikwambia."