Usingizi wa Vestina

Vestina alianza kutoka jasho mwezi Julai, wakati Njombe umande huganda kwenye majani na hata mbwa hugoma kutoka nje. Kila saa tisa usiku kitu kilimpulizia pumzi ya moto shingoni, moyo ukamwenda mbio, na usingizi ukakatika hadi alfajiri. Chumbani kulinuka manyoya ya kondoo aliyeloa. Hawakuwa na kondoo.

Nesi alimweleza bila kuficha: "Mama, una miaka arobaini na saba. Hedhi inaelekea kukoma. Homoni zinayumba, zile za msongo zinapanda usiku. Fungua dirisha upate hewa, na wiki ijayo urudi tukusaidie."

Akafungua dirisha, akapata nafuu. Nafuu hiyo ikamkera wifi yake Paskalina, mwanamke asiyekosa neno hata msibani.

"Laurenti," alimnong'oneza kaka yake, "mkeo anamfungulia nani dirisha usiku? Jini hilo! Liondoe kabla halijakumaliza."

Laurenti alimpenda mkewe, lakini woga ulimzidi. Akamleta Fidelis, mganga wa Makambako, ambaye alinusa pembe zote za chumba, akalipigilia dirisha misumari, akaziba nyufa kwa matambara, kisha akaagiza jiko la mkaa lenye ubani lilale ndani.

"Asipolala leo," alisema, "kesho arudi kwao Tandala."

"Baba Pendo," Vestina alimnong'oneza mumewe mganga alipoondoka, "mkaa ndani, dirisha limefungwa. Tutakufa."

"Nani hapa Njombe hasogezi jiko chumbani Julai? Vumilia, mama. Usiku mmoja tu."

Saa tisa pumzi ikaja, harufu ya kondoo ikajaa chumba kizima, Vestina akataka kuinuka miguu ikakataa, akamwita mumewe sauti ikakwama kooni, na kile kitu, ambacho siku zote kilikuwa kikimwamsha, safari hii kikamlalia kifuani, kizito, chenye uvuguvugu, kikampapasa nywele na kumbembeleza kama mtoto mchanga, alale, alale, mpaka macho yakajifumba. Maskini, alishukuru.

Asubuhi Paskalina aligonga mlango wa chumba mara tatu.

"Kaka! Wifi! Jua limeshatoka!"

Sauti nzito, isiyo ya kaka wala ya wifi, ikamjibu taratibu kutoka nyuma ya mlango:

"Nyamaza. Nimewalaza."