Sarafu za Verna na Kima cha Chini

Sarafu tano za dhahabu za Verna Hoagland ziliibwa ndani ya friza, kwenye mfuko wa njegere. Aligundua saa sita mchana, alipomimina njegere kwenye sufuria zikadondoka washa tano za bomba, vile vipete vya chuma vya mafundi, badala ya sarafu.

Inspekta Tafoya alifika baada ya nusu saa. Palo Seco, Arizona, ni mji wa wastaafu watupu. Kesi zake nyingi zilikuwa za vigari vya gofu vilivyogongana.

Alikagua mlango. Kufuli lilikuwa zima.

“Nani alijua zilipo?”

“Hakuna,” Verna alisema. Alikuwa mwalimu mstaafu na bado alijibu kama anayesahihisha madaftari. “Hata mume wangu sikumwambia. Delbert na pesa hawakai nyumba moja.”

“Alifanya kazi gani?”

“Fundi bomba. Miaka arobaini.”

Tafoya alizitazama zile washa, kisha akamtazama Delbert, aliyekuwa akifuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Inspekta aliwaaga. Alikwenda kwenye duka la sarafu, la pekee mjini. Mwenye duka alifungua kitabu: Jumatatu, sarafu tano, dola elfu tisa na mia tano, muuzaji Delbert Hoagland. Kitambulisho alichoonyesha kilikuwa chake mwenyewe.

“Mwizi gani huyu anayetoa kitambulisho?”

“Mwenye adabu,” mwenye duka alisema. “Jana karudi kuzinunua. Hela ikatosha nne tu.”

“Kwa nini nne?”

“Mimi nafanya biashara, Inspekta. Sigawi sadaka.”

Tafoya alirudi, akamketisha Delbert mezani mbele ya mkewe.

“Mzee, ulijuaje zilipo?”

“Nilikuwa natafuta aiskrimu.”

“Na pesa za nini?”

“Za kufungua akaunti ya uzeeni ya dhahabu. Dhahabu yenyewe, si makaratasi. Kampuni ikasema kima cha chini ni elfu hamsini. Akiba yangu ya uzeeni ni elfu arobaini na mia tano.”

“Kwa hiyo uliiba dhahabu, ukaiuza, ili ununue dhahabu.”

“Ukilisema hivyo linasikika vibaya.”

“Wakasemaje?”

“Wakakataa. Wanahamisha akiba kutoka akaunti nyingine ya uzeeni. Pesa ya mfukoni, kwa mtu asiyefanya kazi tena, hawapokei.” Alishusha sauti. “Na dhahabu yenyewe haiji nyumbani. Inakaa kwenye ghala huko Delaware, upande mwingine wa nchi.”

“Ungeiona lini?” Verna aliuliza.

“Nisingeiona.”

“Ulipigia kampuni ngapi?” Tafoya alisema.

“Moja.”

“Zipo zinazoanzia elfu kumi, mzee. Shemeji yangu ana akaunti huko.”

Delbert aliinamisha kichwa.

“Mwaka tisini na tano nilichukua akiba yako, Verna, nikanunua mbuni kumi na wawili. Hakuna aliyetaka nyama yao. Nilitaka nikifa, upate akaunti yenye jina lako. Kitu kisichokula wala kufa.”

Verna alimgeukia.

“Na hizo sarafu,” alisema, “ulidhani namwekea nani?”

Delbert aliinuka. Alifungua sanduku lake la vifaa, akatoa sarafu nne, akazipanga mbele ya mkewe.

“Niandike nini, mama?” Tafoya aliuliza.

“Andika nne zimepatikana. Ya tano nitamdai mwenyewe, polepole, mpaka atoke jasho.”